Jiwe Aliloliweka Mwenyewe

Katika picha za harusi ya mwanawe, Shangazi Thangkhumi haonekani. Ukiitazama vizuri ile iliyopigwa mlangoni mwa kanisa, utaona kiwiko kikipita pembeni na birika la chai, na sisi wa ukoo tunajua ni kiwiko cha nani. Siku aliyofiwa na mumewe alichemsha maji ya waombolezaji mpaka wanawake wawili wakamshika mikono, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakamkalisha mkekani kwa nguvu ili alie kama wajane wengine. Alilia kweli, lakini jicho moja lilibaki kwenye birika.

Kwetu Ruatlang, juu ya vilima vya Mizoram, tabia hiyo ina jina. Inaitwa tlawmngaihna, na kila mtu anayo kiasi chake, ila Shangazi alipewa ya watu wanne. Hatungoji kuombwa. Mzigo wa mwenzako unaupokea kabla hajautua, na yeye kwa adabu anaung'ang'ania akisema, "Acha, nitabeba mwenyewe." Hilo neno mwenyewe, keimah kwa lugha yetu, ndiyo ruhusa. Ukilisikia, unavuta. Mwenye mzigo anavuta kidogo upande wake, wewe unavuta zaidi upande wako, mwisho unaondoka nao, na wote wawili mnaridhika. Mtu wa kwetu akisema mwenyewe halafu akaachiwa kweli, atarudi nyumbani akijiuliza amewakosea watu nini.

Wageni wa Wales hawakuyajua hayo. Walikuja sita, mvua zilipokatika, kutoka kanisa dogo la huko kwao. Wahubiri waliowafundisha babu zetu kusoma na kuimba walitoka nchi hiyo hiyo, kwa hiyo Pu Hrangdula, fundi wetu wa mawe, mzee asiyejua kuuweka ulimi ndani, aliwatangazia watu kwamba hawa wamekuja kukagua kama nyimbo tumezitunza. Wao walisema hawakuja kuhubiri. Walitaka kufanya kazi pamoja na sisi kwa wiki mbili, tujenge jiko la kanisa, la mawe na saruji, ili wanawake wasipike tena chakula cha sikukuu chini ya turubai linalovuja. Mimi nafundisha shule ya hapa, na kwa vile nilisoma chuo Shillong, nikapewa ukalimani.

Siku ya kwanza hawakufanya kitu. Mzee mmoja wao, Bwana Idwal, aliyekuwa tarishi maisha yake yote, alishika sepetu, ikapokelewa. Akashika ndoo, ikapokelewa. Akainama kuokota jiwe, vijana wakamwinua kwa heshima kama mtu aliyeanguka. Kufika adhuhuri alikuwa kitini chini ya mwavuli, mdomo mwekundu kwa tambuu aliyopewa na bibi wa jirani, kichwa kinamzunguka, anacheka na mbuzi. Jioni Mchungaji alitukusanya akatusema. Wageni waachwe wafanye kazi, wamevuka dunia kwa ajili hiyo. Wote tukaitikia amina. Kesho yake wakapewa kazi ya kupangusa vumbi kwenye mawe.

Aliyelala kwa Shangazi aliitwa Nerys. Alikuwa mjane wa umri wa Shangazi, mfupi, mwenye mikono mipana ya mtu aliyefua mashuka ya hospitali miaka mingi. Hawakuwa na lugha moja kati yao, wala hawakuihitaji, kwa sababu vita vyao vilikuwa vya vyombo. Nerys akiosha kikombe, Shangazi anakiosha upya ili kisihesabike kimeoshwa na mgeni. Nerys akiamka mapema kuteka maji, anakuta madumu yamejaa na Shangazi amejilaza tena, amefumba macho, anakoroma kwa kujifanya. Asubuhi moja Nerys alificha sahani chafu chini ya sweta akatoka nayo hadi mferejini. Shangazi akamfuata. Niliwakuta wameishika kila mmoja ukingo wake, wanavutana bila neno, wamecheka mpaka machozi yanatiririka.

Ndipo Nerys alipomwuliza Pu Hrangdula, kupitia kwangu, mtu anayetaka kufanya kazi kwa mikono yake husemaje hapa. Yule mzee hakutikisa hata kope. Akamwambia, keimah. Tangu hapo Nerys hakuweza kushika hata kijiko. Kadiri alivyolitamka kwa nguvu, ndivyo mikono mingi zaidi ilivyomrukia.

"Huyu mama ana adabu," bibi wa jirani aliniambia kwa mshangao. "Kafunzwa na nani?"

Jioni moja, kanisani, Nerys alisimama mbele na kitu kilichofungwa kwa taulo. Lilikuwa jiwe la ukubwa wa mkate, la kijivu chenye samawati kama shingo ya njiwa, wakati mawe yetu yana rangi ya udongo. Alisema amelitoa kwao, na kwamba uwanja wa ndege afisa mmoja alimwuliza hiki ni nini, akajibu ni jiwe, na kwa jibu hilo afisa akazidi kumshuku. Watu walicheka. Akasema anaomba aliweke katika ukuta wa jiko letu. Nilitafsiri. Kisha, kwa kujivunia lugha yake mpya, akaongeza bila mkalimani, "Keimah."

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa upendo. Shangazi alijifuta macho kwa ncha ya shali. Hapakuwa na mtu mle ndani, hata mimi niliyekuwapo akifundishwa, aliyeshuku neno lile lilitaka tufanye nini.

Alfajiri, Nerys akiwa bado usingizini, Shangazi alilichukua jiwe kwenye taulo lake, akamgongea Pu Hrangdula, akawagongea na wanawake wa kanisa. Walilipatia mahali pa heshima kuliko pote, chini kabisa kwenye pembe, juu ya msingi. Halafu wakaona si uungwana jiwe la mgeni likae peke yake kwenye baridi, wakajenga juu yake. Jua lilipojitokeza juu ya ukungu, ukuta ulikuwa unamfika mtu kifuani.

Nilifika wakati Shangazi anamleta Nerys, amemfunika macho kwa viganja vyake. Alipomfunua, watu wote walipiga makofi. Nerys aliutazama ukuta, akauliza jiwe liko wapi. Shangazi akaipigapiga ile pembe kwa chini na kueleza kwa mikono: huko, limebeba yote. Nerys akatabasamu, akashukuru kwa Kimizo, akamkumbatia. Kisha akarudi ndani kwa Shangazi, juu kidogo ya kanisa, na chai aliyowekewa hakuigusa.

Nilimfuata. Alikuwa kitandani, analikunja lile taulo, analikunjua, analikunja tena. Aliniambia taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Kanisa lao limefungwa. Walibaki wachache, matengenezo ya paa yakawashinda, jengo likauzwa na litakuwa nyumba ya mtu. Nyuma yake palikuwa na chumba cha kupikia chai, na humo yeye alikuwa ameosha vikombe tangu usichana wake, na mama yake kabla yake. Jiwe lilitoka kwenye ukuta wa chumba hicho.

"Mlango wa kule niliufunga mimi, kwa mkono huu," alisema. "Nilitaka mkono huu huu uanzishe kitu mahali fulani, nirudi nyumbani nikijua. Lakini wamefanya kwa upendo. Usiwaambie."

Mimi si mtu wa furaha nyingi, wanafunzi wangu wanalijua hilo, na maneno yale yangetosha kunihuzunisha msimu mzima. Ila nyuma ya pazia alikuwa amesimama Shangazi na bakuli la uji wa wali na nyama, anataka kujua kwa nini mgeni wake hali kitu. Nikamwambia.

"Si alisema mwenyewe?" akanong'ona.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kwa hiyo alimaanisha mwenyewe?"

"Alimaanisha mwenyewe."

Aliligeuzageuza neno lile kichwani kama sarafu ya nchi asiyoijua. Halafu akaweka bakuli chini, akapandisha nguo yake juu ya magoti, akaifunga, akatoka.

Alirudi ukutani na mtaimbo. Pu Hrangdula, ambaye alikuwa anaupapasa ukuta wake kama ng'ombe aliyeshinda maonyesho, akamwuliza kama amepagawa, saruji yenyewe haijashika. Shangazi akamjibu ndiyo maana anafanya haraka.

"Mama we, huo ukuta nimeuamkia gizani."

"Ndiyo maana umepinda."

"Ukuta wangu? Umepinda wapi?"

"Wewe rudi nyuma utazame."

Alirudi nyuma kutazama, na jiwe la kwanza likaanguka. Bila shaka watu walipomwona mwanamke wa umri ule na mtaimbo, waliurukia. "Acha, nitabomoa mwenyewe," alisema, nao wakavuta. Alisema tena, wakavuta zaidi. Hapo Shangazi alisimama wima akawatazama mmoja mmoja.

"Sikilizeni," alisema. "Leo simaanishi vile. Namaanisha mwenyewe."

Wakaachia. Mikono ilibaki hewani, haijui pa kwenda. Akawaeleza kwa ufupi lile jiwe lilitoka wapi na mgeni alitaka nini, na wanawake wa kanisa, ambao kila mmoja ana chumba chake cha vikombe moyoni, wakaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Alibomoa safu mbili peke yake. Mgongo ulipomkatalia, aliruhusu tusaidie, na kuanzia hapo ikawa sherehe. Mtu alileta ngoma ya kanisa. Tulipanga mstari, mawe yakapita mkono kwa mkono kwa kuimba, Pu Hrangdula akiyaaga moja moja kwa majina ya watu waliokufa. Wageni wengine waliposikia kelele walikuja wakaingia mstarini, wala hakuna aliyewazuia, kwa sababu mila zetu hazijasema mgeni akae wapi wakati wenyeji wanabomoa. Bwana Idwal alipakaa tope mpaka kwenye nyusi. Sijaona mzee mwenye furaha kama ile.

Lilipotokea jiwe la samawati, Shangazi alilichukua, akaliosha, akalifuta kwa shali yake ya Jumapili. Nerys alikuwa amesimama mlangoni, ametolewa na ngoma. Shangazi akamwekea jiwe mikononi, akamwekea mwiko wa fundi juu ya jiwe, kisha akaniambia nitafsiri.

"Mwambie aliweke yeye. Atakayemgusa nitampiga na mtaimbo."

Kilichofuata ndicho kilichokuwa kigumu. Kutoka mlangoni hadi kwenye ile pembe pana mteremko wa tope, na Nerys alibeba jiwe kwa mkono mmoja, ndoo ya saruji kwa mkono wa pili, na mwiko ameuma kwa meno. Sisi tulitakiwa kutazama. Aliteleza kidogo, na kijiji kizima kikasogea hatua mbele, kikajikumbuka, kikarudi. Wanaume walijibana mikono kwapani. Bibi wa jirani aligeukia mti, akasema aitwe ikiisha. Mchungaji alianzisha wimbo ili watu wapate pa kushika, lakini alipotea kwenye ubeti wa pili kwa sababu ndoo ilikuwa imeinama. Shangazi alikuwa amekalia mikono yake juu ya rundo la mawe, macho yamemtoka, jasho linamtiririka kana kwamba yeye ndiye aliyebeba.

Nerys alifika. Alipiga magoti topeni, akamwaga saruji, nyingi mno, akaliweka jiwe, akaligonga kwa kitako cha mwiko. Likakaa upande. Pu Hrangdula alitoa sauti kama ya mlango mbovu. Akanyoosha kidole alinyooshe kidogo tu, kwa upole.

"Hrangdula," akasema Shangazi.

Kidole kikarudi.

Nerys alibaki pale magotini, kiganja chake juu ya jiwe. Hakulia. Aliligusa jinsi mtu anavyogusa kitanda cha mtoto aliyelala, akainuka, akachukua jiwe la pili, la kwetu, la rangi ya udongo, akalipanga juu yake. Hapo ndipo tulipojiunga. Tulijenga mchana kutwa, wenyeji na wageni, na kwa kuwa jiwe la chini lilikuwa upande, ukuta wote ulilazimika kufuata. Hadi leo ile pembe ya jiko la kanisa imeinama kidogo kuelekea magharibi, na Pu Hrangdula akiulizwa na mafundi wa vijiji vingine husema huo ni mtindo wa Wales.

Jioni chai ilichemka kwa mara ya kwanza ndani ya zile kuta zisizo na paa. Shangazi alikuwa bado kwenye rundo lake la mawe, mgongo umekataa kabisa kunyanyuka. Nerys akaja na birika na kikombe, vidole vimechubuka, kucha zimejaa saruji. Shangazi alipomwona akaunyoosha mkono haraka kulishika lile birika.

"Acha," alisema, "nitamimina mwenyewe."

Nerys alisimama. Niliona anawaza. Kisha akavuta birika upande wake, kwa nguvu, kama mtu aliyezaliwa Ruatlang, akamimina kikombe kikajaa mpaka juu. Watu walishangilia hivi kwamba mbuzi walikimbia.

Bwana Idwal alipiga picha hiyo. Iko ukutani kwa mwana wa Shangazi, karibu na ile ya harusi. Shangazi Thangkhumi yumo mzima, kuanzia kilemba hadi miguu, amekaa, ameshika kikombe kwa mikono miwili, na uso wake ni wa mtu anayengoja kudungwa sindano.