Sungura Hapewi Maji

Jirani yangu Bi Entin amechoma mishikaki ya sungura hapa Lembang miaka thelathini na mitatu. Mimi nachoma mahindi pembeni yake mwaka wa ishirini na moja sasa, na moshi wake naujua kuliko nilivyomjua marehemu mume wangu. Wageni wanaopanda kutoka Bandung kufuata baridi yetu humnunulia mtoto sungura mzima wa kuchezea kwa Mang Odik, ng'ambo ya barabara, halafu huvuka kwa Bi Entin kula aliyechomwa. Hakuna aliyewahi kuona ajabu katika hilo, wala mimi sikuona.

Mwezi wa saba mwanawe Bi Entin alihamia Bekasi kikazi, kwenye nyumba ya kupanga ambayo mwenye nyumba hataki mnyama ndani. Mjukuu wake Kania, mtoto wa miaka minane, alikuwa na sungura mweupe aitwaye Kapas, maana yake pamba. Alimleta kwa bibi yake ndani ya kapu.

"Bibi, huyu si wa kuchoma."

"Najua."

"Apa."

Bi Entin akaapa mbele yangu, mkono wa kuapia ukiwa bado una mafuta ya mishikaki. Mtoto akasema atakuja kumwona Kapas Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, na amkute mzima.

Ungedhani mtu aliyechuna sungura miaka yote hiyo hana la kufundishwa. Siku ya tatu tu alinijia mbio, kitambaa kimemlegea kichwani. "Nonoh, amekufa." Nikaenda. Kapas alikuwa amelala ubavu, miguu ameinyoosha, macho nusu wazi. Nikamgusa kwa fimbo ya mahindi. Akainuka, akatutazama kwa dharau, akaenda kutafuna ukingo wa mkeka. Kumbe alikuwa anajipumzisha tu.

Siku nyingine akamwona akiingiza kichwa chini ya tumbo na kula kinyesi chake mwenyewe, bila haya. "Ana kichaa?" akaniuliza. Nikamwambia mimi ni muuza mahindi. Kisha ikaja ya mguu: kila jiko likiwashwa, Kapas hupiga sakafu kwa mguu wa nyuma, pu, pu.

"Ananusa ndugu zake," nikasema.

Hakucheka. Nilijuta, ila si sana.

"Wanaoletwa kwangu hawafanyi haya," alisema.

"Wanaoletwa kwako wanakaa dakika tano, Bi Entin."

Sikusema kwa ubaya, lakini nililiona neno limemwingia. Tangu siku ile akawa mtu wa kuuliza kila kitu, naye hakuwa hivyo. Je, anakula karoti kweli, au ni picha za watoto tu? Mbona anatikisa pua hata akilala? Huko kurukaruka akijipinda hewani ni furaha au ni kifafa? Watu wakaanza kumkwepa.

Swali moja tu nililijibu kwa uhakika. "Maji nimpe kiasi gani?"

"Maji?" nikasema. "Unataka kumwua? Sungura hapewi maji. Atavimba tumbo afe."

Ndivyo tulivyokuzwa sote hapa. Sungura hapewi maji, na hata majani yake yakiwa na umande huanikwa juani kwanza mpaka yanyauke. Mang Odik husema hivyo kwa kila mnunuzi. Basi Bi Entin, aliyekuwa ameapa, akafuata sheria kuliko sisi sote. Aliyaanika matembele mpaka yakawa kama tumbaku. Na ilikuwa kiangazi, hata visima vya bondeni vilikuwa vimeshuka.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Kania kuja, Kapas hakugusa chakula. Kinyesi kilikuwa vipunje vidogo vikavu kama pilipili manga, halafu hata hivyo vikakoma. Alijikunyata pembeni akisaga meno.

Mang Odik alivuka barabara, akamwinua kwa ngozi ya shingo, akamrudisha. "Huyu ameisha, Bi. Chukua mwingine pale kwangu. Weupe ninao wanne, mtoto hatajua."

"Mimi nitajua," alisema Bi Entin.

"Wewe? Wewe ndiye wa kusema hivyo?" Mang Odik akacheka mpaka akakohoa.

Alipoondoka, nikasema nililoona ni la haki. Mnyama wa halali akikaribia kufa, heri achinjwe kuliko awe mzoga. Mtoto ataambiwa aliugua. Bi Entin alinitazama kama mtu aliyepotea njia kwenye soko la kijijini kwake. Lakini akaenda kuleta kisu.

Alimlaza Kapas ubavu wa kushoto juu ya ubao, akamwelekeza kibla, kama alivyowalaza wengine. Mkono wake wa kushoto ukashika tumbo, kwa mazoea. Ukasimama hapo.

"Nonoh, shika hapa."

Nikashika. Kulikuwa na donge gumu ndani.

"Hili nalijua," alisema polepole. "Wale wanaoletwa kwa gari la mbali wakati wa jua, nikiwapasua nalikuta. Linakuwa kama unga uliokandwa ukasahaulika. Wale wa shambani kwa Haji Uyun, waliokula majani mabichi ya umande, tumbo lao ni laini." Akalibonyeza tena. "Nimelishika donge hili mara ngapi? Nikalitupia paka."

Akaweka kisu chini, akachota maji bakuli zima.

"Utamwua," nikamwambia, na sauti yangu ilinitoka kali kwa sababu niliogopa. Ushauri ulikuwa wangu.

"Si anakufa hata hivyo?"

Kapas alinusa. Kisha akainamisha kichwa akaanza kunywa, na hakuinua kichwa. Tulisikia ule ulimi mdogo, tap tap tap, mpaka bakuli likabaki na kijiko kimoja. Akaongezwa, akanywa tena. Bi Entin akamweka mapajani, akawa anamsugua tumbo kwa vidole viwili adhuhuri yote, wateja wakiita bila kuitikiwa. Ijumaa asubuhi alinigongea mlango, ameshika kiganja kilichojaa kinyesi, analia. Nami nikalia, kwa mavi ya sungura.

Jumamosi mapema Mang Odik alileta kapu la sungura watano wa biashara ya mwisho wa juma, kama kawaida. Bi Entin alinoa kisu. Kisha akasimama kati ya jiko na kapu muda mrefu.

"Mbuzi wa Idi tunampa maji kabla ya kumchinja," alisema.

"Ndiyo. Ni sunna."

"Hawa sikuwahi kuwapa hata mmoja. Si tulisema hawanywi?"

Akaingiza bakuli ndani ya kapu. Nilitamani wasinywe, nakwambia kweli. Walisukumana, wakapandiana migongo, na wote watano wakanywa. Bi Entin akaketi kwenye kigoda chake, kisu mapajani, na jiko likabaki baridi. Mahindi yangu yakaungua upande mmoja.

Kania alifika saa sita. Akamkumbatia Kapas, akambusu kati ya masikio, akamwambia bibi yake ahsante kwa kutimiza kiapo. Kisha akaliona lile kapu.

"Bibi, na hawa watano ni wa nani?"

Bi Entin akageuka akanitazama mimi, niliyejibu lile la maji kwa uhakika wote.