Mlima Tulioupangia Doha

Siku yangu ya kwanza kazini, hata chai sijapewa, bosi alinitandikia ramani mezani akaniuliza ningepiga hema wapi. Mimi binti wa Nyeri, niliyefika Doha awali kupokea simu za hotelini, nikaona mahali tambarare, pazuri kabisa, nikaweka kidole. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Umetuzika sote," akasema. Juu ya mahali pale mistari ya kimo, ile inayoonyesha ardhi inavyopanda, ilikuwa imebanana, maana yake mteremko ni mkali na theluji ya huko ikiporomoka itaishia ndani ya hema lako. Jamani, nilisisimka! Nikajua kazi ndiyo hii.

Ilikuwa miaka ya kukaribia elfu mbili na kumi. Ofisi yetu ilikuwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la mshona mapazia. Bosi, ambaye sote tulimwita Mudir, yaani meneja kwa Kiarabu, alikuwa Mlebanoni aliyekulia kwenye theluji ya kwao, na alipeleka watu kupanda milima ya mbali huko Asia ya Kati. Mnacheka, eti mlima upangiwe jangwani. Tulipanga, tena vizuri sana.

Nilianzia dawati la ramani, nikipaka rangi nyekundu miteremko ya kuogopwa. Si ile iliyosimama kama ukuta, maana huko theluji haikai. Ni ile ya katikati, kama upande wa tuta la mchanga unaomomonyoka ukiukanyaga. Na matuta tulikuwa nayo kusini mwa mji. Ijumaa, maana huko ndiyo siku ya mapumziko hata ya ibada yetu, nikitoka kanisani Mesaimeer nilivaa suruali garini, twende mazoezini. Mudir alifukia mchangani kile kifaa cha mawimbi ya redio ambacho wapandaji huvaa kifuani, nasi tukakisaka kwa ufito na sepetu kana kwamba ni mtu aliyefunikwa na theluji. Nilikuwa hodari, na nilijisifu bila haya.

Baadaye nikawa mkuu wa mipango, nikapambana na ugonjwa wa watu wa Doha: kupanga siku ya kufika kileleni kwa kuangalia likizo. Mtu ana tikiti ya kurudi, mwajiri hamwongezei hata siku, basi anataka mlima nao umtii. Nikaweka siku za akiba, za kukaa hemani tu hali ya hewa ikichafuka. Na tulikuwa na kanuni: mmoja akisema hapana, wote wanageuka, haulizwi sababu. Hata mimi niliyebaki ofisini na simu ya setilaiti nilihesabiwa kuwa nimefungwa kamba moja nao.

Basi, Mudir mwenyewe akaenda kupanda mlima alioutamani tangu ujana. Magoti yake yalikuwa yamechoka, sote tulijua hatapata nafasi nyingine. Theluji ikaanguka mpaka siku zote za akiba zikaisha, kisha ukavuma upepo. Upepo huirundika theluji upande uliojikinga, ikawa bamba zito juu ya tabaka legevu, na hatua moja yaweza kulikata lote. Njia yao ilipita hapohapo. Asubuhi akanipigia, sauti kama ya bwana harusi: anga ni safi, wanapanda leo, kesho gari linawachukua.

"Mudir, mimi nasema hapana."

"Wambui, wewe umekaa kwenye kiyoyozi."

"Niko kwenye kamba. Hapana."

Simu ikakatika. Nilishinda nikizunguka ile meza, nikiomba, nikijilaumu. Mchana mwongoza njia wao akapiga: wamegeuka, wanashuka. Nikacheza peke yangu, nikaruka, mpaka mshona mapazia akapanda ngazi kuona kuna nini.

Mteremko ule haukuporomoka. Kesho yake kundi jingine lilipita palepale, likafika kileleni salama. Mudir hakupanda mlima tena.

Sasa nimestaafu, na nyinyi mnaofanya kazi hii mnanipigia mkiuliza nilijuaje kwamba niko sahihi. Sikujua, na mpaka leo sijui. Ninachojua ni kwamba nilikwenda uwanja wa ndege na mke wa Mudir kumpokea. Akatokea mlangoni, pua imebabuka, amenuna, akanipita bila salamu. Mkewe akamdaka mkono, akaanza kumgombeza juu ya ndevu alizorudi nazo. Nikasimama palepale nikilia kwa furaha, watu wananitazama. Alininunia miezi mingi yule mzee, na kila asubuhi aliingia ofisini kuninunia akiwa hai.