Siku Tuliyotengeneza Zuhura Ndani ya Kisima cha Paya

Siku yangu ya kwanza kazini nilishushwa futi thelathini ndani ya ardhi ya Dabani, kamba kifuani, sururu ya mpini mfupi mkononi. Jioni waliponipandisha nikawaambia, hii kazi nimeshaijua. Mnacheka, lakini ni kweli. Shule niliacha darasa la nne. Hata hivyo, nipe konzi ya udongo kutoka Busia mpaka Kisoko niunuse na kukuambia maji yako wapi. Wako wenye vyeti ukutani waliokuwa wakinipigia simu kuniuliza.

Ninyi vijana mna mashine iliyobebwa na lori, inaboa asubuhi na mchana maji yanatoka. Sisi tulichimba kwa mkono. Mmoja chini, wawili juu kwenye winchi, yaani gogo la kuzungusha linalopandisha ndoo za udongo. Udongo mwekundu ukiisha unakutana na mwamba uliooza, ule unaovunjika kama mkate mkavu, na hapo ndipo maji hulala. Ukuta ukianza kutoka jasho tunashusha pete za saruji, moja juu ya nyingine, usije ukatufukia.

Mkubwa wetu tulimwita Fomeni, mtu wa upande wa Kenya, mpole wa sura na mkali wa sheria. Sheria zake zilikuwa mbili. Aliye chini hafungui kamba ya kifuani hata ikimwasha. Na kabla mtu hajashuka, mshumaa unatangulia ndani ya kopo. Ukizimika, hewa ya chini ni mbaya, na mtu naye atazimika. Miaka mingi nilishusha mshumaa na haukuzimika hata mara moja. Ndiyo maana nikaanza kuudharau.

Baada ya Dabani tulihamishiwa Kisoko, kisha Paya. Mwenzangu alikuwa Owor, mzaliwa wa hapo hapo Paya, aliyemwoa dada yangu Nekesa. Kwa hiyo tulitaniana mashemeji, asubuhi mpaka jioni. Kisima cha Paya tulikifikisha futi hamsini, maji yakaanza kuchungulia. Ndipo jirani akafariki. Kwa desturi, jembe haligusi ardhi mpaka matanga yaishe, na kisima nacho ni ardhi. Tukafunika mdomo wake kwa mbao na majani ya migomba, tukakaa msibani siku nne. Majani mengine yalidondoka ndani, yakaozea huko.

Siku ya tano Fomeni alikwenda Tororo kuleta saruji, akaniacha mimi mkubwa wa kazi. Mchana angekuja Madamu wa ofisi ya maji, msomi wa miamba, kukagua. Kila mtu alijua kwamba akiridhika, mimi ningepewa kikosi changu mwenyewe. Nilitaka akute maji yanameta.

"Shemeji, na mshumaa?" Owor akauliza, kamba imeshafungwa.

"Mshumaa ni wa kanisani. Shuka, mtu ya Paya! Ama unaogopa shimo ya kwenu?"

"Mimi naogopa? Mimi nashuka. Lakini nikifa, dada yako utamlisha wewe, na anakula!"

Akina mama waliokuja na madumu wakacheka. Tukamshusha, mimi na mama mmoja mwenye mikono ya kulimia. Kila baada ya muda kidogo niliita, "Upo?" naye akajibu, "Nipo!" Mara ya tatu sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyelewa. Mara ya nne hapakuwa na sauti.

Nikaita mpaka koo likapasuka. Nikachungulia, nikamwona ameketi majini, kichwa kimeinama. Nikachukua kamba ya pili nijifunge niende nikamtoe. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshavuka ukingo niliposikia pikipiki ya Fomeni inasimama nyuma yangu.

"Ouma! Ukishuka nitazika wawili! Shika winchi!"

Tukazungusha, Fomeni, mimi na wale akina mama. Sheria ya kamba ndiyo iliyomshika. Alipanda akiyumba kama gunia, uso wake wa rangi ya majivu. Tukamlaza nyasini. Fomeni akamziba pua, akampulizia kinywani. Kifua kikainuka, kikashuka, kikakaa. Tena. Tena. Kisha Owor akavuta mwenyewe, kwa mlio kama wa mlango wenye kutu, na mama mmoja akapiga vigelegele huku analia.

"Nani alipima hewa?" Fomeni akauliza.

Owor hakuweza kusema. Ningeweza kumsingizia. Kikosi changu kilikuwa kinanisubiri hapo mbele. Nikasema, "Ni mimi, Fomeni. Sikupima." Sijui nguvu ile ilitoka wapi.

Madamu alipofika alishusha mshumaa mwenyewe. Futi thelathini tu, ukazimika. Akatuita tuone, kisha akaketi nyasini karibu na Owor.

"Majani yanayooza hutoa hewa hii, nayo ni nzito, inatulia chini kama maji kwenye sufuria," alisema. "Mnaijua nyota ya asubuhi?"

"Zuhura," nikasema. "Tunaamka nayo kukamua ng'ombe."

"Ile si nyota, ni sayari, dunia nyingine inayolizunguka jua, karibu sawa na yetu kwa ukubwa. Nayo imejaa hewa kama hii, juu mpaka chini. Joto likiingia halitoki. Risasi ingeyeyuka huko. Leo mmetengeneza Zuhura ndogo hapa Paya."

Akaendelea. Mirihi ni ndogo, haikuwa na uzito wa kushika hewa yake, na maji yake yameganda. Sisi tumewekwa umbali ambao maji yanabaki maji. Dunia ina uzito wa kuishika hewa isitoroke. Katikati yake kuna chuma kilichoyeyuka, kinachotukinga na mishale ya jua. Na hata hewa safi hii haikuwepo mwanzo. Vidudu vya kijani vya majini viliitoa, kidogo kidogo, kwa miaka isiyohesabika, kabla hajazaliwa wa kuivuta.

Owor akafungua jicho moja. "Madamu, huko Zuhura kuna fomeni?"

"Hakuna hata mtu."

"Basi shemeji yangu apelekwe awe mkubwa wao."

Tulicheka, lakini mimi nilikuwa nikikitazama kile kisima. Miaka yote nilidhani nachimba shimo. Kumbe nilikuwa nikitoboa ngozi nyembamba ya kitu ambacho hakina mfano karibu, na nilikuwa nikijisifu juu yake.

Kikosi alipewa Owor. Nilifanya kazi chini yake mpaka mgongo wangu ulipokataa, na nasema bila aibu, hakuna fundi aliyepima hewa vizuri kunishinda mimi. Nimestaafu kabla ya mvi kujaa. Jumapili nakwenda kwake Paya. Tukishakula, Owor hulala kitini na kukoroma, bati linatetemeka. Nekesa huniomba msamaha, ananiambia nimpige teke aamke.

Mimi namwambia, "Mwache." Navuta kiti karibu, nasikiliza. Jua liko mbali inavyotakiwa, maji ni maji, hewa imeshikwa isitoroke, ili mtu mmoja wa Paya aweze kukoroma hivi.