Sabuni ya Mchaichai

Mwaka ule wa vita sabuni ilipotea madukani. Nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na kilichopenya kwa magendo kiliishia kwa wenye uwezo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nachapa barua kwa mashine katika ofisi moja ya serikali, na niliishi na mama yangu mtaa wa Bwiza, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye ua mdogo nyuma. Noeli ilikuwa inakuja na sikuwa na kitu cha kumpa mtu. Ndipo nikamwambia mama kwamba nitapika sabuni.

Aliyenifundisha alikuwa rafiki yake wa siku nyingi, mjane Mwislamu wa Buyenzi, mtaa unaopakana na wetu. Alikuwa akipika sabuni tangu kabla sijazaliwa. Alinikalisha kwenye kigoda uani kwake, akafungua debe la soda kali, chembe nyeupe kama chumvi ya mawe, akanizuia mkono nilipotaka kugusa.

"Hii inakula nyama ya mutu," aliniambia. "Ndoo ya plastiki ndiyo, sufuria ya alimini apana, itatoboka. Utamwaga soda ndani ya maji. Ukimwaga maji juu ya soda, itakurukia machoni. Halafu hesabu, mwanangu. Kopo moja ya soda, kopo nane za mawese. Ukiwa unahesabu usiongee na mutu."

Nilipata mawese ya Rumonge ya kutosha kupika mara mbili. Mkupuo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili niliutaka uwe bora zaidi, kwa sababu ulikuwa wa watu wangu wa karibu. Nilikata mchaichai uliokuwa ukimea kando ya bomba letu, nikauchemsha, nikauchuja, na maji yake yalipopoa ndiyo niliyotumia kuyeyushia soda. Hesabu yangu ilikuwa makopo mawili ya soda kwa kumi na sita ya mawese.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua limeshapanda. Nilikuwa nimeinama juu ya ndoo, kitambaa puani, kopo mkononi, risasi zilipoanza upande wa kaskazini. Mwanzo zilikuwa mbali. Halafu kitu kizito kilipiga, mabati yakatetemeka, mama akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Nilitupa kopo nikakimbia ndani. Tulilala chini, mashavu kwenye saruji, mkono wake juu ya kichwa changu kana kwamba mkono ungezuia kitu. Muda ulikuwa mrefu. Nadhani ni saa nzima.

Kulipotulia nilirudi uani. Ndoo ilikuwa pale pale, maji yake ya kijani yakiwa bado ya moto. Debe lilikuwa wazi. Kopo lilikuwa limelala kwenye vumbi. Nilisimama nikijaribu kukumbuka. Nilikuwa nimetia moja au mawili? Mkono wangu ulikumbuka tendo la kumwaga, lakini haukukumbuka ni mara ngapi. Nilichungulia debe, nikaona halinisaidii, kwa sababu mkupuo wa kwanza ulikuwa umekula humo humo na sikuwa nimeweka alama.

"Ingia ndani!" mama aliita kutoka mlangoni. "Wanaweza kuanza tena!"

Nikajiambia ni moja. Nikatia jingine, nikamwaga mawese, nikakoroga haraka haraka huku nikisikiliza barabara.

Ilishika upesi kuliko ile ya kwanza. Nilifurahi, nikadhani nimeshakuwa fundi. Nilikata vipande, nikavipanga juu ya ubao chumbani, nikaviacha vikauke mwezi mzima kama nilivyoelekezwa. Chumba kizima kilinukia mchaichai. Vumbi jeupe lilipotokea juu ya vipande nililifuta kwa kitambaa, nikasema ni hali ya hewa. Nilifunga kila kipande kwa jani kavu la mgomba na kamba ya mgomba, nikakaza fundo zuri.

Vinne nilimpa rafiki yangu wa ofisini aliyekaa Gihosha. Sita vilikuwa vya dada yangu.

Dada alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kumi. Aliolewa Kanyosha, na kwa miaka saba alikuwa amengoja mtoto. Mwezi ule alikuwa amejifungua, mtoto wa kiume, mdogo, ngozi laini kiasi kwamba nilipombeba siku ya kwanza niliogopa kucha zangu. Mume wake alipokuja mjini kwa baiskeli nilimkabidhi kifurushi, na maneno yangu nayakumbuka kila neno: "Shemeji, hii ya mchaichai ni ya mtoto. Mwambie dada amuogeshee siku ya Noeli."

Siku mbili kabla ya Noeli, nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama amekaa kwenye ngazi, mikono imelala mapajani, viganja vikiangalia juu. Alikuwa amefua kwa kipande tulichojibakizia. Viganja vilikuwa vyekundu na katikati ya vidole ngozi ilikuwa imepasuka.

"Ni uzee," alisema.

Nilichukua kile kipande nikaenda Buyenzi nusu nikikimbia. Yule mjane alikipokea, akakinusa, akatabasamu. Kisha akakigusa kwa ncha ya ulimi. Tabasamu likaondoka. Alitema mate, akasukutua mdomo, akatema tena.

"Uliweka kopo ngapi?"

"Mi sijui, Mama."

"Unasema nini, hujui?"

"Risasi zilianza nikiwa nahesabu."

Nilitegemea anigombeze, na ingekuwa afadhali. Aliniuliza tu: "Umempa nani?"

Nilipomtajia mtoto alisimama. "Nenda ukaichukue. Hii kwa mikono ya mutu mukubwa ni kidonda. Kwa mutoto ni kitu ingine. Kama imeshamugusa, maji. Maji mengi, mengi, usiache kumwaga."

Jioni ile, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, niliwahi Gihosha. Rafiki yangu alikuwa hajafungua hata kipande. "Zawadi inarudi kwa mwenyewe?" alicheka. Nilipomweleza aliacha kucheka, akanirudishia vyote vinne. Lakini Kanyosha ilikuwa upande wa pili wa mji, na hakuna aliyekuwa na simu kule. Nilitaka kwenda, mama akashika mlango.

Usiku ule sikulala, na alfajiri ya mkesha wa Noeli tulisikia mizinga kwenye vilima vya kusini, upande wa Kanyosha.

"Hauendi," alisema mama.

"Mama, nilimwambia amuogeshee siku ya Noeli. Noeli ni kesho."

Kisha akaniletea kitambulisho changu na kitenge cha kujifunga.

Hakukuwa na gari lililokubali kwenda. Nilitembea. Kadiri nilivyokwenda kusini ndivyo watu walivyozidi kuja wakinielekea, magodoro kichwani, mbuzi kwa kamba, kuku kwenye vikapu. Nilikuwa peke yangu ninayekwenda upande wangu, na kila mtu aliniangalia kama mwenye wazimu. Kwenye kizuizi askari mmoja alichukua kitambulisho changu, akakigeuza huku na huku.

"Watu wanatoka, we unaingia. Unafuata nini?"

"Mtoto wa dada yangu ni mgonjwa."

Alinirudishia akanipisha. Nilikuwa nimesema uongo, na hatua chache mbele nikaharakisha mwendo. Niliogopa kwamba nilichosema kimeshakuwa kweli.

Nyumba ya dada ilikuwa na kufuli. Mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa anafunga mihogo kwenye gunia, aliniambia wameondoka jana, baada ya risasi kupita juu ya paa. "Wako kwenye shule," alisema. "Wote wako kule."

Niliuliza, "Mtoto yuko vipi?"

"Analia kama watoto," alisema, akaendelea na gunia lake.

Ua wa shule ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wameweka mikeka hadi chini ya madirisha, moshi wa kuni kila upande. Nilipita darasa moja, la pili. Katika la tatu nilimwona dada amekaa chini ya ubao, mtoto kifuani. Nilimnyang'anya mtoto kabla ya salamu. Nilimfungua nguo, nikamkagua mgongo, kwapa, mikunjo ya mapaja. Alikuwa ananuka maziwa yaliyoganda na jasho, na ngozi yake ilikuwa nzima.

"Mudogo wangu, una nini?" dada aliuliza. "Nani amekufa?"

"Hujamuogesha?"

"Kwa maji gani? Bomba ya hapa haitoki kitu tangu jana. Hata ya kunywa tunagawana."

Nilikaa chini nikacheka, nikilia. Nilimweleza. Alinisikiliza, na nilipomaliza uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nilivileta vyote sita," alisema polepole. "Watu humu walitoka na nguo za mwilini tu. Nimebaki na kimoja. Vitano nimegawa. Niliwaambia ni Noeli."

Hapo ndipo tuliposikia mlio wa lori. Mtu alipiga kelele kwamba maji yamefika, na darasa lote likasimama. Wanawake walikamata ndoo, mabeseni, masufuria, hata kofia ya mvua. Dada alinionyesha kwa kidole mmoja mmoja walivyokuwa wanatoka: yule mwenye kitenge cha njano, yule mjamzito, yule mzee mwenye fimbo. Nikawakimbilia.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilikuwa nawakamata mkono watu waliokimbia nyumba zao, nawaambia wanirudishie kipande cha sabuni walichopewa kama zawadi. Mzee alinipa. Mjamzito alinipa akaniuliza kama nina nyingine, nikasema sina. Mwingine alikuwa amekikata vipande viwili na mwenzake, wote wawili wakanipa. Mwenye kitenge cha njano alikificha mgongoni.

"Ni yangu. Nimepewa."

"Mama, ina soda nyingi. Itakuunguza."

"Umeona imekuwa nzuri sana kwa sisi, ndiyo unakuja kuichukua?"

Nilichukua kipande kimoja nilichokuwa nacho, nikakilamba mbele yake, kwa nguvu, hadi machozi yakanitoka. Alinitazama nikitema. Akakitoa kile cha mgongoni, akakiweka mkononi mwangu bila kunitazama usoni.

Vilikuwa vinne. Nilikuwa nageuka kumtafuta wa tano niliposikia mtoto akipiga yowe upande wa lori.

Alikuwa msichana wa miaka minne hivi. Mama yake alikuwa ameshamvua nguo, amempaka povu kichwa kizima, na mtoto alikuwa anajikuna macho kwa mikono miwili. Mama alidhani ni utundu, alikuwa anamshika asiruke. Nilinyanyua ndoo ya mtu iliyokuwa karibu na kumwagia kichwani. Mwenye ndoo alinitukana. Nikachukua nyingine. Mama yake alinisukuma, nikaanguka kwenye matope, nikasimama nikachukua ya tatu. Dada alikuwa amefika na mtoto wake mgongoni, akawa anapiga kelele: "Mwacheni! Ni sabuni! Ni sabuni mbaya!" Hapo mwenye lori aliuleta mpira wenyewe wa maji, nikamshika yule mtoto kidevu, nikamfungua kope kwa vidole, tukaacha maji yapite.

Watu waliokuwa wakingoja maji tangu jana walisimama na ndoo tupu wakitazama yakimwagika chini. Hakuna aliyesema tuache.

Alilia hadi sauti ikaisha. Ngozi ya paji lake la uso ilikuwa imewiva na macho yalikuwa mekundu, yamevimba, hayafunguki. Mama yake alikaa kwenye ngazi ya darasa akiwa amempakata, nami nikakaa ngazi ya chini yake. Nilimwambia ni mimi niliyeipika. Nilimwambia yote, kopo, risasi, kurudi kwangu na kujiambia ni moja. Sijui alielewa kiasi gani.

"Ataona?" aliuliza tu.

"Sijui, Mama."

Barabara ilifungwa mchana ule nikabaki shuleni. Mama yangu alikuwa Bwiza hajui kama nimefika, na sikuwa na njia ya kumpelekea habari. Kila baada ya muda nilikwenda na kikombe cha maji safi, tunamwosha yule mtoto macho, narudi kukaa pembeni ya dada. Dada alinikamata kiganja akakishikilia, lakini hakuniambia kwamba halikuwa kosa langu. Nilimshukuru kwa hilo.

Asubuhi ya Noeli watu waliimba uani bila ngoma, kwa sauti ya chini, kwa kuwa askari walikuwa karibu. Kulikuwa na foleni ya maharage. Mama wa yule mtoto alikuja akasimama mbele yangu. Nilisimama pia, nikasubiri.

"Nishikie," alisema, akanipa mtoto, akaenda kupanga foleni.

Alikuwa mwepesi. Alikaa mapajani mwangu akiwa amejikunja, kisha jicho la kushoto likafunguka kidogo, jekundu, lenye maji, na baadaye la kulia. Alitazama wale wanaoimba. Alitazama moshi. Mwishowe alinitazama mimi.

"Ni we ulinimwagia maji?" aliuliza.

"Ndiyo, ni mi."

Alifikiri juu ya jambo hilo.

"Yalikuwa baridi," alisema, akaniegemea, na sote wawili tukamtazama mama yake akisogea mbele kwenye foleni.