Mama Yangu Kwenye Bango la Barabara

Mama yangu alifariki miaka kumi na tisa iliyopita. Jumanne ya wiki jana nimemkuta kando ya barabara kuu, ana urefu wa ghorofa mbili, anacheka.

Usiniite muongo bado. Sikiliza kwanza.

Mimi ni msusi. Mdomo ninao na ninautumia. Saluni yangu iko nyuma ya bandari, hatua chache tu kutoka palipokuwa na ufukwe wetu. Mama alitulea kwa ufukwe ule, mimi na mdogo wangu. Maji yakipwa anaokota chaza, anauza, tunakula.

Ikaja barabara ya njia nane. Wakamwaga kifusi, mawe, vyuma, mpaka kikabaki kidimbwi cheusi kinachonuka.

"Barabara ikiisha, ufukwe tunaurudisha kama ulivyokuwa," watu wa mradi wakaahidi.

Barabara ikaisha. Kimya.

Tukaunda kamati. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu. Katibu, mimi. Hasukwi mtu kwangu bila kusaini madai yetu! Nikafikisha saini elfu mbili na ushee.

Afisa wa mradi, tuliyembatiza Bwana Faili, hakuzifungua hata.

"Dada, nitajuaje kama palikuwa na ufukwe? Leteni kielelezo. Picha halisi, sio nakala."

Tulisaka mtaa mzima. Nani alikuwa na kamera enzi zile? Ikapatikana picha moja tu, iliyokuwa ukutani kwetu. Mama yuko ufukweni, pengo nje, ameshika ile ndoo yake iliyokatika mkono akaifunga kamba. Nyuma yake mchanga mweupe mpaka macho yanachoka. Mdogo wangu, wa miaka minne, ameng'ang'ania nguo yake.

Ndiyo picha pekee ya mama tuliyokuwa nayo.

"Dada, usiitoe," mdogo wangu akasema. "Hawa mimi siwaazimi hata kiberiti."

"Ufukwe ukirudi utanishukuru."

"Na usiporudi?"

Nikaishusha ukutani. Nikaitoa. Mimi na kichwa changu kigumu!

Miezi minane ya njoo kesho. Halafu ndio hiyo Jumanne.

Bango limechimbiwa kwenye kifusi kilekile. Chini ya miguu ya mama wameandika: TULIAHIDI, TUMETEKELEZA. UFUKWE WENU UMERUDI.

Nilikimbia mpaka ofisini na aproni yangu, kitana bado mkononi. Bwana Faili hakuinua hata macho.

"Faili lenu limefungwa. Wakaguzi wa makao makuu wameona picha, wameridhika."

"Picha gani?"

Akanigeuzia faili. Picha ya mama. Juu yake muhuri: BAADA YA UKARABATI.

"Hii ni ya kabla! Huyu ni mama yangu, alishakufa!"

"Dada, wakaguzi hawamjui mama yako. Wao wameona mchanga."

"Basi waje waone kwa macho yao!"

"Waje kuona nini, na faili limeshafungwa?"

Nikanyoosha mkono. "Nirudishie picha yangu."

"Kielelezo hakirudishwi."

Nilimpeleka mwalimu akaone bango. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Tumewapa wenyewe," akasema, akarudi nyumbani kwake. Kamati haijakaa tena.

Mdogo wangu alikuja na ovaroli lake la gereji. Nilijua atanitukana, na nilitaka anitukane. Alitazama juu.

"Dada, mimi niko wapi?"

Nikaangalia tena. Pale alipong'ang'ania nguo ya mama wamepachika mwamvuli wa mistari, ule wa watalii. Ufukweni kwetu hakujawahi kuonekana mwamvuli hata siku moja.

"Mama wamemwacha," akasema. "Mimi wamenifuta."

Akaondoka. Nikimpigia simu hapokei.

Wadau, mkienda kudai kilichoharibiwa, msipeleke picha ya kilivyokuwa kizuri. Pelekeni kidonda, kinuke mezani kwao. Na ndugu yako akikwambia usitoe, jamani, usitoe.

Mlango wa saluni yangu unatazamana na lile bango. Kutwa nzima mama ananichekea, na mimi nimempa mteja kiti kinachotazama ukutani ili asiniulize yule ni nani.