Onja Chumvi, Mke Mwenzangu

Juzi, siku ya kwanza ya mfungo, nilikuwa jikoni kwangu hapa mjini, mtaa wa Rasbura, nikipika mbaazi za nazi. Tui zito lilipoanza kutokota nikachota mchuzi kwa upawa, nikageukia mlangoni kumwita mtu aje aonje. Mlangoni hapakuwa na mtu. Nikabaki na upawa mkononi, machozi yananitoka, na wewe usinicheke.

Ngoja nikueleze. Nimelelewa kijijini Kitomanga kwa bibi mzaa mama, katikati ya mikorosho. Jiko lake lilikuwa banda la miti na makuti, na zile kuni za mkorosho zikianza kufuka, hata paka alihama. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi, na kuidokoa. Bibi hakugeuka hata kidogo. "Mke mwenzangu," ananitania, "hiyo nazi inapungua, au ni macho yangu?"

Ramadhani ikiingia nilipanda cheo. Bibi alikuwa haonji chakula akiwa amefunga. Watu walimwambia kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuna neno, akakataa katakata: "Ulimi wangu naujua mwenyewe. Ukionja, utameza." Basi alasiri ananiita, "Onja chumvi!" Ananidondoshea mchuzi kiganjani, nalamba, naye kanikodolea macho. Nikisema imepungua, anaongeza. Babu na wajomba watoke shamba na njaa zao zote, futari yao ilinitegemea mimi.

Shida ni kwamba na mimi nilitaka kufunga. Wenzangu wa madrasa walishaanza, wanaringa na midomo yao mikavu, mimi nanuka mbaazi! Siku moja nililia sana. Bibi akanifuta kwa pindo la kanga. "Ukifunga wewe, nani atakuwa ulimi wangu? Thawabu yako imo humu chunguni." Nikarudi kukuna nazi, ingawa sikuridhika.

Miaka ikaenda. Bibi akaugua, nikamleta kwangu. Ramadhani iliyopita daktari akamkataza kufunga. Wallahi sijapata kumwona bibi akilia vile. Alijifunika kanga usoni, chai hataki, eti amekuwa mzigo, mtu mzima anakula mchana wenzake wamefunga. Nikambembeleza, wapi! Alasiri nikamfuata kitandani na upawa.

"Bibi, humu ndani tumefunga sote, hata watoto. Nionjee chumvi."

Akajifunua kanga usoni. Akatoa kiganja, nikamdondoshea mchuzi, akalamba taratibu, akafumba macho.

"Imepungua, mke mwenzangu. Ongeza."

Haikupungua. Mkono wangu unaijua mbaazi, na maradhi yalishamharibia ladha. Nikaongeza hivyo hivyo. Kuanzia hapo alasiri ikikaribia anaita mwenyewe kutoka chumbani, "Vipi, hamjaivisha?" Chai akawa anakunywa. Mume wangu na watoto walikula chumvi mwezi mzima, hakuna aliyefungua mdomo kulalamika, ila maji mezani yalikuwa hayakai.

Bibi hatunaye tena. Lile banda la Kitomanga limeanguka, wajomba wamejenga jiko la bati. Nani sasa wa kuniita mke mwenza?

Juzi basi nikafuta machozi, nikatia chumvi kiasi changu kile cha zamani. Adhana ikalia, tukafuturu. Mume wangu akala tonge la kwanza.

"Imepungua," akasema, akainuka kwenda kuchukua kopo la chumvi. Likazunguka mezani, kila mtu akaongeza.