Masufuria ya Wakfu

Mimi nikikasirika hupiga kelele. Jirani yangu Bi Nasiha akikasirika hunyamaza, akajifunga kibwebwe, akaanza kazi. Ukimwona amejifunga kibwebwe na hakuna ngoma mtaani, jua kuna mtu atakiona cha mtema kuni.

Nyumba yake na yangu zimepakana hapa Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho tuktuk hupita kwa kukwaruza kuta. Chumba chake cha chini hakikai mtu, kinakaa masufuria: yale makubwa ya pilau, pamoja na masinia, miko na majamvi. Mwanamke mmoja wa mtaa huu, ambaye hakujaliwa mtoto, aliyaacha wakfu zamani. Yatumike katika harusi na maziko ya watu wa mtaa, bila malipo, na yasiuzwe. Aliyekabidhiwa ni mamake Nasiha, kisha Nasiha mwenyewe. Ameolewa akaachwa, ameolewa tena akafiwa, amelea wanawe kwa mahamri na mbaazi, na katika misukosuko yote hiyo ufunguo wa chumba kile haujatoka kwenye pindo la kanga yake. Sufuria likirudi chafu halipokei. Nimewahi kumwona bwana harusi, fungate haijaisha, amechutama pale mlangoni akisugua masizi kwa mchanga, na Bi Nasiha amesimama juu yake.

Masufuria hayo yalikuwa yakijazwa maji na mtu mmoja, Karisa. Alikuwa mchukuzi wa maji, Mgiriama wa huko nyuma ya Mariakani, na mkokoteni wake wa mitungi ulijulikana kwa mlio wa gurudumu lililokuwa halinyooki. Bomba zetu hutoa upepo kuliko maji, kwa hivyo hapa mtu alipanga harusi na Karisa kwanza, halafu ndipo akamwendea kadhi. Maji yakikatika, mmoja husimama mlangoni akapaza sauti, "Mwiteni Karisa!" Wa nyumba ya pili naye hupokea, na wa tatu, mpaka sauti imfikie popote alipo. Tumeishi hivyo tangu nilipoletwa mtaani hapa nikiwa bi harusi.

Kiangazi kilichopita Karisa alikwenda kwao kuezeka nyumba. Moto ukazuka porini. Wengine wanasema ni wachoma makaa, wengine wanasema ni mtu aliyekuwa akisafisha shamba, mimi sijui. Ninachojua ni kwamba upepo uliubeba moto ule ukala vichaka, ukala minazi, ukaingia kijijini ukala nyumba za makuti moja baada ya nyingine pamoja na mahindi yaliyokuwa darini. Karisa alikuwa ameshatoka salama. Alirudi kuwafungulia jirani mbuzi wao, na paa likamshukia. Mtu aliyetubebea maji maisha yake yote amekufa kwa moto, mahali ambapo bomba haijawahi kufika. Ninaandika haya na hasira bado ninayo.

Msaada wa mtaa ulisimamiwa na Huzaifa, muuza vitambaa, ambaye pia ndiye mkubwa wa kamati ya wakfu. Si mtu mbaya, ila hapendi wema usioonekana. Kabla ya kukusanya chochote alichapisha bango lenye jina lake, refu kuliko mlango wa duka. Kisha watu wakaleta nguo. Nguo! Waliounguliwa waliletewa viatu vya kisigino kirefu. Zililetwa tai za shule, koti la suti lisilo na kifungo hata kimoja, na gauni la bi harusi lenye doa la mchuzi. Mmoja alileta pazia. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake nikamuuliza, mtu ameunguliwa na nyumba, hilo pazia alitundike wapi? Akaniambia nia yake ni njema. Nia yake ilikuwa kupunguza vitu kabatini, na hilo si mimi tu niliyeliona.

Bi Nasiha alipanda gari moja na marundo hayo, akampe mkono wa pole Dama, mjane wa Karisa. Aliporudi nilimtilia chai.

"Unga upo," akasema. "Magunia yamepangwa chini ya turubai, na maharagwe yapo. Watu wema wameleta. Lakini sufuria zao zote zimeyeyuka kwa moto, zimekuwa mabonge. Wakorogea uji kwenye mikebe ya rangi, kwa zamu, na watoto waharisha. Dama amenishika mkono akan'ambia, 'Mamangu, unga twashukuru. Sasa tuupikie viganjani?'"

Karisa alikuwa azikwe Jumamosi. Watu wangekuja kutoka mbali, na wazee wa ukoo walikuwa wameshaamua azikwe watu warudi na njaa zao, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha kuwapikia. Dama alilia kwa hilo kuliko alivyoililia nyumba.

Siku ya pili, baada ya swala ya alasiri, Bi Nasiha aliwakuta wanaume barazani. Nilitoka naye, na wanawake wengine wakatoka, maana kile kibwebwe sote tulikiona.

"Huzaifa, mwanangu," akasema, "masufuria yaenda maziko kwa kina Karisa."

Huzaifa alikuwa na adabu mwanzoni. "Bi Nasiha, mimi siyakatazi. Wakfu ndio uyakatazao. Harusi na maziko ya watu wa mtaa, ndivyo ilivyosemwa. Hii ni amana. Na wajua Ijumaa ya wiki ijayo namuoza kijana wangu."

"Najua. Na Karisa si mtu wa mtaa?"

"Karisa, Mungu amrehemu, alikuwa mchukuzi. Kwao ni huko."

"Mamako alipofariki," Bi Nasiha akasema, wala hakupaza sauti, "bomba zilikuwa kavu mtaa mzima. Maji aliyooshewa mamako, nani aliyaleta?"

Baraza nzima ikatazama chini. Huzaifa alikohoa, akarekebisha kofia yake, kisha akasema neno ambalo sitamsamehe mpaka nife.

"Alilipwa."

Hapo mimi nilifungua mdomo, na niliyoyasema hayaandikiki. Bi Nasiha aligeuka akaenda mlangoni kwake. Alifungua pindo la kanga, akafungua chumba, akaingia, akatoka na sufuria kubwa kuliko yote kichwani. "Nani anifuata?" akauliza.

Tulimfuata. Lori haliwezi kuingia kichochoroni, na Chonga, dereva wa Shimanzi ambaye mkewe ni rafiki yetu, alikuwa ameliegesha barabara kubwa. Basi tukaenda kwa miguu, safu ya wanawake, kila mmoja na sufuria au sinia au jamvi, tukipita mbele ya wale wanaume mmoja mmoja. Mgeni angedhani ni harusi ambayo waimbaji wake wamegombana. Huzaifa alisimama akasema tunaiba mali ya wakfu. Hakuna mwanamume aliyenyanyuka kutuzuia. Wala hakuna aliyenyanyuka kutusaidia, na hilo pia nimeliweka moyoni.

Jumamosi Karisa alizikwa na watu wakala. Nilimwona Bi Nasiha, mwanamke wa Kiislamu wa Mji wa Kale, amekaa na wake wa Kigiriama kwenye jivu, akiwaonyesha sufuria lipi huwahi kuunguza upande mmoja. Nyimbo zao hazijui, lakini mwiko haukumtoka mkononi. Dama alikuwa na kanga ya kuazima. Alikuwa akitazama watu wakishiba, na kwa mara ya kwanza aliketi. Lile gauni la bi harusi nililiona pia. Walikuwa wamelipasua, wakalifanya vitambaa vya kushikia masufuria ya moto.

Tulipokuwa tukiondoka nilianza kukusanya vyombo. Bi Nasiha akanishika mkono. "Waachie," akasema.

Simu ya Huzaifa ilimkuta tukiwa njiani, na alikuwa akifoka kiasi kwamba lori zima lilimsikia. Maziko yamekwisha, masufuria yarudi.

"Maziko yamekwisha," Bi Nasiha akamjibu. "Matanga hayajaanuliwa."

"Matanga ni siku tatu, Bi Nasiha!"

"Ya kwetu. Ya huko yataanuliwa kila nyumba ikipata sufuria lake."

Kamati ilikutana bila ya kumwita, ikaamua kumvua uangalizi. Walikuja watu wazima, wenye ndevu, mlangoni kwa mwanamke mmoja, kumnyang'anya ufunguo. Aliufungua kutoka pindoni akawapa. Wakafungua chumba wakakuta kuta. Mmoja wao aliangaza tochi kwenye kona, sijui alitarajia kuona nini. Bi Nasiha alirudi kukanda unga wa mahamri. Usiku, peke yake, alilia kwa ajili ya ufunguo ule wa mamake, nami nilisikia kupitia ukutani. Nalisema hili ili mtu asidhani ilikuwa rahisi.

Ijumaa ikafika. Huzaifa alikodi masufuria, na yalikuja yaking'aa. Mchele ulioshwa kwa maji yaliyokuwamo mapipani, nyama ikakatwa, kuni zikashika. Halafu bomba ikakohoa mara moja ikanyamaza. Wapishi wakatazamana. Watu wa bibi harusi walikuwa wameshaanza kuwasili, na mapipa yalikuwa matupu.

Huzaifa alitoka mpaka katikati ya kichochoro, kanzu imelowa jasho, akaweka mikono mdomoni.

"Mwiteni Karisa!"

Kilichonitia uchungu ni kwamba nyumba ya pili ilipokea. Sauti ya mwanamke, ndani, mikono yake bila shaka ikiwa kwenye kitunguu, ikasema kwa mazoea, "Mwiteni Karisa!" Ya tatu haikupokea. Mtaa mzima ukanyamaza, hata watoto. Huzaifa alibaki amesimama na mikono yake mdomoni, na uso wake ukabadilika taratibu, kwa kuwa alikuwa amesikia alichokisema.

Bi Nasiha alikuwa ameketi kizingitini na beseni lake la mahamri.

"Karisa tumemzika Jumamosi, mwanangu," akasema. "Wewe hukuja."